Moto wa Bwana katika Maandiko Matakatifu

Maneno yaliyonenwa na katekista mbele ya waalimu wenzake siku ya Yubilei

Tumepewa kazi ya kunena machache juu ya moto katika Maandiko Matakatifu. Twanena kwa furaha, maana Wakristo wengi wakisikia neno moto hufikiri jehanamu tu, kana kwamba Mungu hakuwasha moto mwingine.

Tuanze na Musa mlimani Horebu. Katika nchi zetu, nyika kuwaka wakati wa kiangazi si ajabu. Mchungaji huuona moto akawahamisha mbuzi wake, basi. Musa naye alikuwa mchungaji. Alichokigeukia ni kwamba kijiti kile kilikuwa kikiwaka wala hakiteketei. Moto wa kwetu hula kuni ndipo uishi. Moto ule haukuhitaji kuni. Mungu alinena kutoka ndani ya kijiti asikiharibu, akamtuma Musa kwenda kuwatoa watu utumwani. Naam, moto huo ulileta habari njema, ingawa Musa aliuficha uso wake kwa hofu.

Lakini isidhaniwe ya kuwa moto huo ni wa kuchezewa. Kitabu cha Walawi, ambacho wengi hukipita upesi kwa ajili ya wingi wa sheria zake, chatupa habari ya kutisha. Mwisho wa sura ya 9, Haruni amekwisha kutoa sadaka zake. Moto ukatoka mbele za Bwana ukaila sadaka juu ya madhabahu, na watu wote wakapiga kelele, wakaanguka kifudifudi. Mwanzo wa sura ya 10, wanawe wawili, Nadabu na Abihu, wakatwaa vyetezo vyao, wakaleta moto mgeni ambao Bwana hakuwaagiza. Moto ukatoka mbele za Bwana, ukawala wao. Angalieni, ndugu: ni moto ule ule, umetoka mahali pale pale. Wala hawakuwa wapagani hao waliokufa. Walikuwa makuhani, wenye mavazi matakatifu. Haruni akanyamaza. Sisi tushikao vitabu na kusimama mbele za watu kila Jumapili, habari hii ni yetu kuliko ya wengine.

Mtume Paulo naye awaandikia Wakorintho juu ya wajenzi. Mmoja hujenga kwa dhahabu na fedha, mwingine kwa miti na nyasi, na siku ile moto utaijaribu kazi ya kila mtu. Aliyejenga kwa nyasi ataokoka mwenyewe, lakini kama mtu apitaye motoni. Katika Yubilei hii twahesabu makanisa, mashule, na majina katika vitabu vya Ubatizo. Vema. Lakini Paulo anasema moto utaonyesha kazi ni ya namna gani. Juu ya hesabu hakusema neno. Mtoto aliyefundishwa majibu yote ya katekisimu kama kasuku, kisha hajui kusali nyumba yao ikifiwa, hiyo ni nyasi, hata jina lake likiandikwa kwa wino mzuri.

Mtu ajuaye ya kuwa kazi yake yangoja moto hana nafasi ya kuwatakia wengine moto. Kwa hiyo hatupendi kusikia mwalimu akiwatisha jirani zake, yule kwa kuwa ni Mwislamu, huyu kwa kuwa amerudia matambiko. Yakobo na Yohane, Bwana alipokataliwa katika kijiji cha Wasamaria, walitaka kuuita moto kutoka mbinguni, kama Eliya alivyowateketeza askari wa mfalme Ahazia. Bwana akageuka akawakemea, wakaenda kijiji kingine. Baadaye, Wasamaria walipolipokea neno la Mungu kwa mahubiri ya Filipo, Mitume walituma watu wawili kuwawekea mikono wampokee Roho Mtakatifu. Mmoja alikuwa Petro, na wa pili ni Yohane huyo huyo. Kisha wakarudi Yerusalemu, wakihubiri njiani katika vijiji vingi vya Wasamaria.