Kawia Ufike: Safari ya Kwenda Chuo Kikuu



Anayetoka Minago kwenda kumtembelea mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Burundi hufuata Barabara ya Taifa Namba 3, kandokando ya Ziwa Tanganyika, hadi Bujumbura. Kabla ya kuondoka aulize: Mutanga, Kiriri au Kamenge? Kampasi hizo zimetengana. Baiskeli, pikipiki na bajaji zilipigwa marufuku katikati ya mji Machi 2022. Huko apande basi au teksi. Aliyevuka mpaka kutoka Kigoma ahakikishe hati yake imegongwa muhuri.

Gari lililojaza abiria kupita kiasi, liacheni lipite. Heri mtoto akungoje kutwa kuliko akulilie maisha. Kawia ufike.