Mnada Wetu wa Simu: Mwaka Huu Unafungwa Saa 3:00 Usiku

Maneno ya kamati ya mnada mbele ya mkutano mkuu wa wanashishiyu

 

Tumepewa dakika chache tueleze mnada wa mwaka huu. Tutaanza na wa mwaka jana, maana wapo humu wenye kinyongo nao, na wana haki.

Mnakumbuka ulivyokuwa. Tuliweka picha kwenye grupu la WhatsApp: debe la michembe, beberu, katoni za chaki za Maswa, vitenge. Tukaandika: "Mnada utafungwa Jumamosi saa 6:00 usiku." Tukaona tumemaliza kazi, kumbe tumetega kitendawili. Kijana wetu mmoja aliyeko Dar es Salaam alielewa kuwa ni usiku wa kuamkia Jumamosi. Ijumaa akakesha na simu, dau lake kwenye michembe likawa la juu, shilingi 85,000, na saa sita ilipopita akalala akijua ameshinda. Asubuhi akatuma pesa. Sisi tulikuwa tunahesabu usiku wa kuamkia Jumapili, kwa hiyo mchana kutwa dau likaendelea kupanda, na mtu mwingine akalichukua debe kwa 120,000. Kijana alikuwa ameshampigia bibi yake kumwambia kwamba michembe ameinunua yeye. Bibi huyo ndiye aliyeitoa. Pesa zake tulimrudishia baada ya wiki mbili, na makato ya kutuma hatukuyakumbuka.

La beberu lilikuwa baya zaidi, kwa sababu lile tulilifanya macho makavu. Zilipobaki dakika mbili, dau la juu lilikuwa la mama mwalimu mmoja, 180,000. Mzee wetu mwenye uwezo akatupigia: nisubirini, nipo barabarani. Tukamsubiri dakika 20. Akaweka 300,000, tukashangilia, tukamwandikia hongera. Tulijiambia kwamba tumepata 120,000 za ziada za bati. Mama mwalimu hakugomba. Aliandika "sawa", akatoka kwenye grupu, na kesho yake wakatoka wengine wanne. Michango yao ya mwaka haikuja. Mhasibu wetu alipoijumlisha, ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hizo 120,000.

Mzee yule hatumlaumu. Aliomba tu. Waliokubali ni sisi.

Wengi wetu tumekulia minadani. Kwenye mnada wa ng'ombe unamwona unayeshindana naye, unaona anapoanza kusitasita, na kamba ikishakabidhiwa, imekwisha. Kwenye simu huoni uso wa mtu. Mnunuzi aliyeko mbali anachoweza kushika ni saa iliyotangazwa, basi. Tukiisogeza hiyo, hana kitu.

Hata sheria haikutuacha gizani. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema mauzo ya mnada yanakamilika nyundo inapogongwa, au kwa ishara nyingine iliyozoeleka. Inasema pia muuzaji haruhusiwi kuweka dau, wala kumtuma mtu amwekee, kama hakutangaza mapema kwamba ana haki hiyo. Tunalitaja kwa sababu mwaka jana mmoja wetu alipandisha dau la vitenge "ili kuchangamsha", bila nia ya kununua. Safari hii wajumbe wa kamati hatuweki dau lolote, wala wake na waume zetu. Mjumbe anayetaka kuku anunue sokoni.

Sasa saa yenyewe. Mnada utafunguliwa Ijumaa na kufungwa Jumapili saa 3:00 usiku, saa za Afrika Mashariki, yaani 21:00. Tumeikimbia saa sita kwa sababu hapo siku mbili zinagusana na kila mtu ana usiku wake. Mlioko Muscat, kwenu itakuwa saa 4:00 usiku. Mlioko London, saa 12:00 au saa 1:00 jioni kutegemea majira ya huko. Tangazo litaandika saa kwa namna zote mbili, ya Kiswahili na ya tarakimu za simu, kwa kuwa tuna watoto waliozaliwa huko ambao wakisoma "saa 3" wanafikiria mchana.

Kuna jambo la wanaovizia sekunde ya mwisho. Wachumi wawili, Alvin Roth na Axel Ockenfels, mwaka 2002 walichapisha utafiti juu ya minada ya mtandaoni ya Marekani. Ya eBay ilifungwa kwa saa isiyosogea. Ya Amazon, wakati ule, ilisogezwa mbele dakika 10 kila dau jipya lilipoingia mwishoni. Waliona uviziaji wa dakika za mwisho ulikuwa mwingi zaidi sana eBay. Tumechukua ile njia ya pili: dau likiingia ndani ya dakika 5 za mwisho, bidhaa hiyo inaongezewa dakika 5, mpaka zipite dakika 5 kimya. Mtauliza, si ndiyo kusogeza saa kulekule? Hapana. Mwaka jana tulimsogezea mtu mmoja kwa simu ya pembeni. Hii inajulikana kabla, na inamhusu mwenye 10,000 sawa na mwenye laki tatu.

Hata wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi, ambao mazao yao sasa yananadiwa mtandaoni kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, hukusanyika wakaonyeshwa bei zote kabla ya kukubali au kukataa. Nasi mnada ukifungwa, orodha yote ya madau itawekwa kwenye grupu usiku huohuo, na nakala itabandikwa nyumbani.

Mtandao wa nyumbani mnaujua. Ujumbe wenye alama ya saa ndogo pembeni bado haujaondoka kwenye simu yako, hata kama ulibonyeza saa 2:58. Huo hatutauhesabu. Wahini. Wenye simu za kitochi watatuma ujumbe wa kawaida kwa namba mbili za kamati kwa pamoja, na dau litaandikwa kwenye grupu papo hapo.

Malipo ni ndani ya saa 48, kwenye Lipa Namba ya chama, si kwenye simu ya mjumbe. Asiyelipa, bidhaa inakwenda kwa wa pili kwa dau lake huyo wa pili.

Mwezi uliopita tulikwenda kwa mama mwalimu kuomba radhi. Alitupa chai, akatusikiliza, kisha akauliza: mzee akipiga simu tena saa 2:58, nani atapokea? Tukaangaliana. Tukamwomba ashike saa yeye, na amekubali. Jumapili ile simu zetu wajumbe zitakuwa juu ya meza yake, na yeye ndiye atakayeandika neno IMEFUNGWA.

Bibi ameleta debe jingine la michembe. Bei ya kuanzia ni 20,000.