Mto Rufiji na Maziwa Yake
(Maneno yaliyosemwa mbele ya kamati za parokia za Temeke na Kinondoni)



Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 kule Rufiji na Kibiti mlichanga nguo, unga na fedha, nasi tunawashukuru. Tangu hapo wengi mmetuuliza: kwa kuwa sasa bwawa lipo, kwa nini mto usizuiwe kabisa, mafuriko yasije tena? Tunapenda kulijibu swali hilo leo, maana wengi wenu wa Mbagala mna ndugu huko.

Bonde la chini la Rufiji lina maziwa madogo, kama Zumbi, Ruwe na Uba. Wakati wa masika mto ukijaa, maji hupita kwenye mikondo na kuingia ziwani, na samaki huingia nayo. Perege na kambare huzaliana kwenye majani yaliyofunikwa na maji, ambako vifaranga vyao hupata chakula na maficho. Maji yakishuka, wengine hurudi mtoni na wengine hubaki ziwani. Ziwa moja hufikiwa na mto karibu kila mwaka, jingine hungoja mafuriko makubwa. Mto usipofika kwa miaka kadhaa, ziwa hupungua, mkondo huziba, na wavuvi huendelea kuvua samaki wale wale bila mbegu mpya kuingia. Hata mashamba ya mlao hupandwa kwenye unyevu unaoachwa na maji hayo. Ndiyo maana Serikali ilipowahamishia watu nyanda za juu kwa Operesheni Rufiji, miaka ya 1968 na 1969, wengi waliendelea kushuka bondeni kulima. (Wazee wa Rufiji watacheka kusikia tunawaeleza haya!)

Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha umeme Februari 2024. Uwezo wake ni megawati 2,115. Hatulipingi, taa za Kinondoni na mashine za kusaga za Temeke zinauhitaji umeme huo. Lakini bwawa hushika mafuriko ya kawaida pamoja na udongo wenye rutuba, na maji huachiwa kwa kufuata mahitaji ya mitambo. Mvua zikizidi sana, kama mwaka 2024, maji bado hufika kwenye nyumba za watu. Hofu yetu ni kwamba tutapoteza mafuriko madogo yenye faida na kubakiwa na makubwa yenye madhara.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka sehemu ya maji itengwe kwa ajili ya uhai wa mto wenyewe. Kwa hiyo tunaomba kila kamati ituletee jina la mjumbe mmoja mwenye ndugu bondeni. Aulize habari za ziwa la kwao: mkondo wake uko wazi au umeziba, na mto uliingia mara ya mwisho mwaka gani. Majibu tutayapeleka Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji kabla ya masika.