Tiba ya Upasuaji kwa Majeraha ya Uzazi: Habari ya Mpira wa Mkojo

Matabibu, wakunga na wauguzi wa Karagwe na Kyerwa mliokusanyika hapa Ndama,

Maadamu hadhira hii haihitaji kufundishwa kuwa msamba huchanika, kwamba kizazi hushuka, wala kwamba fistula ni tundu baina ya uke na kibofu au utumbo, nitayapita hayo upesi. Mchaniko uliofika kwenye misuli ya haja kubwa ushonwe mapema, tabaka kwa tabaka, katika chumba cha upasuaji chenye taa ya kutosha; na kizazi kilichoshuka hutibiwa kwa mazoezi, kwa pete, au kwa kisu, kwa kadiri ya umri na matakwa ya mwenyewe.

Jambo lililonikosesha raha kwa miaka mingi ni dogo mno hata naona haya kulisema mbele ya mabingwa: mpira wa mkojo. Katika uchungu pingamizi kichwa cha mtoto hukibana kibofu kwenye mfupa wa kinena, damu ikakoma kupita, na nyama iliyokufa aghalabu haibanduki siku ile ile, bali baada ya siku kadhaa, ikaacha tundu, pale mama alipokwisha kuruhusiwa na kurudi kwao Kaisho au Murongo. Kwa hiyo aliyeuondoa mpira siku ya pili baada ya upasuaji wa uzazi, kwa kuwa ndiyo ada ya wodi au kwa kuwa kitanda kinadaiwa, hayaoni matokeo ya kitendo chake, na taarifa ya mwezi husomeka safi. Sisemi haya kwa kumlaumu mtu wala taasisi, na uhaba wa vitanda naujua. Lakini siku 14 za mpira, ambazo kibofu hupumzika kikiwa kitupu, ni nafuu kuliko safari ya Mwanza kushonwa fistula.

Fauka ya hayo, hata tundu likishatokea, likiwa dogo na bichi, huweza kuziba kwa mpira peke yake ukikaa takriban wiki 4. Daktari Kees Waaldijk, Mholanzi aliyetumikia Katsina, Nigeria, aliandika mwaka 2004 kuhusu kuzitibu fistula mpya pasipo kusubiri ile miezi 3 ya desturi, miezi ambayo ndani yake mama hunuka, huachwa, na hukata tamaa.

Tundu likikosa kuziba kwa mpira, hapana budi kisu. Kibofu hutenganishwa na uke, hushonwa pasipo kuvutwa, na hujaribiwa kwa maji yenye rangi. Upasuaji wa kwanza ndio wenye matumaini makubwa ya kufanikiwa, basi asijaribu asiyefunzwa. Mama apelekwe hospitali ya Bugando, Mwanza, au hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, ambako tiba hii haitozwi fedha na nauli imekuwa ikitumwa kwa simu.

Napendekeza, kwa taadhima, kila mama wa uchungu pingamizi aondoke chumba cha upasuaji na mpira, na tarehe ya kuutoa iandikwe kwenye kadi yake. Zahanati ziwe na mipira ya akiba. Mhudumu wa kijiji amzuru mama huyo nyumbani katika wiki mbili za mwanzo na amwulize waziwazi kama analowa. Avujaye apewe mpira siku hiyo hiyo kabla ya kuandikiwa rufaa. Na wodi isiyo na nafasi ya siku 14 imruhusu mama aende nao nyumbani, akiwa amefundishwa kunywa maji kwa wingi na kuutunza. Nimekariri habari ya mpira, nami naomba ikaririwe pia katika kumbukumbu za semina hii.