Dominika ya 12 ya Mwaka B: Bwana Yumo Chomboni



Jioni moja, baada ya kuwafundisha makutano, Bwana wetu Yesu Kristo aliwataka wanafunzi wake wavuke pamoja naye hadi ng'ambo ya ziwa. Ndivyo inavyoanza Injili ya Dominika hii, kama alivyoiandika Marko katika sura ya 4, aya ya 35 hadi 41. Tuuangalie vema mwanzo huo. Safari ile haikuwa shauri la Petro wala la Yohane; ilikuwa agizo la Bwana mwenyewe. Wanafunzi walitii, na utii wao ukawafikisha katikati ya dhoruba. Basi tusifanye haraka kusema, kama tunavyosikia mara nyingine misibani, kwamba aliyepatwa na taabu bila shaka amemkosea Mungu.

Ziwa la Galilaya si kubwa. Urefu wake ni kama kilometa 21, na upana wake kama kilometa 13. Lakini limelala bondeni, zaidi ya meta 200 chini ya usawa wa bahari, nalo limezungukwa na vilima. Upepo ukishuka ghafla kutoka huko juu, maji huchafuka kwa muda mfupi. Mwaka 1986, ukame ulipoyapunguza maji ya ziwa hilo, ilionekana matopeni mashua ya kale, ya nyakati zile za Bwana wetu. Urefu wake ni meta 8 hivi. Katika chombo kama hicho, usiku, mtu hana pa kukimbilia. Na baadhi ya wanafunzi walikuwa wavuvi wa ziwa hilohilo. Wakiogopa hao, tujue kwamba hatari ilikuwa ya kweli.

Na Yesu je? Yesu amelala katika shetri, kichwa chake juu ya mto. Katika Injili, ni katika habari hii tu tunapomwona Bwana amelala usingizi. Alilala kwa sababu alikuwa mtu kweli, naye alichoka. Alilala pia kama mtoto alalavyo mgongoni mwa mama yake: mama anaikimbia mvua, anaruka mitaro, naye mtoto hana habari, kwa maana anaujua mgongo uliombeba.

Wanafunzi walimwamsha. Hawakumwambia tu kwamba wanaangamia. Walimwuliza kama hajali. Hapo ndipo penye jeraha. Maji yalikuwa yakiingia chomboni, lakini shaka ilikuwa imekwisha kuingia moyoni. Mwanadamu anaweza kuvumilia mengi akijua kwamba anapendwa. Asichoweza kukivumilia ni kudhani kwamba ameachwa peke yake.

Bwana aliamka, akaukemea upepo, bahari ikatulia. Tungependa kuishia hapo, tukaimba na kurudi nyumbani. Lakini sisi tunaoishi kando ya Ziwa Viktoria hatuwezi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ilipinduka na kuzama ikiwa karibu kufika. Mamia ya watu walikufa. Hatuna shaka kwamba humo walikuwamo watu waliomlilia Mungu, Wakristo kwa Waislamu. Wachache waliokolewa, wengi hawakuokolewa. Je, kwao Bwana alikuwa amelala?

Tulipata kumsindikiza mama mmoja mzee hadi makaburi ya Igoma, walikozikwa wengi wa marehemu wale. Mwanawe alikuwamo melini, na mwili wake haukutambuliwa. Tulidhani tunakwenda kumfariji. Alikaa chini kimya muda mrefu, rozari mkononi, kisha akatuambia: “Baba, miaka ya kwanza nilikuja hapa kumgombeza Mungu. Siku hizi nakuja kukaa naye tu. Mimi sijui mwanangu yuko kaburi lipi. Yeye anajua.”

Ndugu wapendwa, hatukuwa na mahubiri ya kuongeza juu ya maneno hayo. Mama yule hakurudishiwa mwana. Machozi yake hayakwisha. Lakini moyo wake ulikuwa umepata mahali pa kukaa. Huo ndio utulivu wa Kikristo: haungoji dhoruba iishe ndipo uanze, wala si ahadi kwamba chombo chetu hakitazama kamwe. Ni kujua kwamba Bwana yumo chomboni pamoja nasi, na kwamba hata vilindi vya maji vimo mkononi mwake. Ndivyo lilivyotufundisha Somo la Kwanza kutoka kitabu cha Ayubu: Mungu ndiye aliyeiwekea bahari mipaka na milango.

Tena Bwana hatufundishi jambo asiloonja mwenyewe. Katika bustani ya Getsemane mambo yalibadilika: wanafunzi walilala, Yeye alikesha. Aliomba kikombe kimwepuke, nacho hakikumwepuka. Alishuka katika mauti yenyewe, na siku ya tatu Baba akamfufua. Kwa hiyo hakuna kina cha maji ambacho Yesu hajakifikia kabla yetu.

Hata hivyo, tusichanganye kumtumaini Mungu na kumjaribu. MV Bukoba ilikuwa imebeba kupita kiasi chake. Anayejaza chombo kupita kiasi, au anayeacha dawa alizopewa hospitalini kwa kusema kwamba anayo imani, huyo hamtumaini Mungu. Imani haituondolei wajibu wa kupiga makasia na kuchota maji yaliyoingia.

Basi tufanye nini dhoruba ikitupata? Kwanza, tumwamshe Bwana. Tumlilie bila kuona haya, hata kwa maneno ya ukali. Wanafunzi hawakufukuzwa chomboni kwa sababu ya kelele zao. Pili, tujifunze kunyamaza mbele yake. Jioni ya tarehe 27 Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipokuwa ukiwatisha watu duniani kote, marehemu Papa Fransisko alisimama katika uwanja wa Mtakatifu Petro uliokuwa mtupu, mvua ikinyesha, akaitafakari Injili hii hii. Kisha akanyamaza mbele ya Ekaristi Takatifu. Nasi tunaweza kutenga robo saa kila siku, alfajiri au kabla ya kulala, bila redio, bila maneno mengi, tukikumbuka tu kwamba Yumo. Tatu, tukae na waliopigwa na mawimbi. Makatekista na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, mkienda kwa mfiwa msikimbilie kumweleza kwa nini Mungu ameruhusu. Ketini naye. Mara nyingi, kwa kuketi kwenu, ndipo atakapotambua kwamba Bwana hajamwacha.

Ee Bwana Yesu, uliyelala katika mashua na kuamka kwa kilio cha rafiki zako, ukae nasi katika safari yetu. Utulize kwanza mioyo yetu, nayo mawimbi uyatulize kwa saa unayoijua wewe. Uwapokee wote walioangamia majini, na utufikishe sote ng'ambo, kwa Baba. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.