Wepesi Unaodanganya: Sauti, Herufi na Mtoto Anayeanza Kusoma Kiswahili



Kiswahili kina irabu tano tu, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Silabi zake nyingi huishia kwa irabu, na neno huandikwa karibu sawa na linavyotamkwa. Kwa hiyo tumezoea kusema kwamba kusoma Kiswahili ni rahisi, na kwamba mtoto akishatajiwa herufi atajiendea mwenyewe. Nusu ya kwanza ya kauli hiyo ni kweli. Nusu ya pili imewagharimu watoto wetu. Hoja yangu ni kwamba wepesi wa maandishi yetu ni mtaji, na mtaji hauzai ukikaa bure. Unahitaji mwalimu anayefundisha uhusiano wa sauti na herufi waziwazi, kwa mpangilio, akimsikiliza mtoto mmoja mmoja.

Kwamba mtaji huo upo, hakuna shaka. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa mataifa mbalimbali ya Ulaya wanaojifunza kusoma. Mwaka wa kwanza wa shule ulipokaribia kwisha, watoto wa Finland waliweza kusoma sawasawa takriban maneno 98 katika kila 100 ya kawaida waliyopewa. Watoto wa Scotland, waliokuwa wakisoma Kiingereza, takriban 34. Ni kweli kwamba wale wa Scotland walianza shule wakiwa na umri mdogo zaidi, kwa hiyo tofauti yote haiwezi kubebeshwa maandishi. Lakini Kifini, kama Kiswahili, huandikwa kinavyotamkwa, na watafiti wanakubaliana kwamba jambo hilo humrahisishia mtoto kazi kwa kiasi kikubwa. Tungetarajia basi mtoto wa darasa la kwanza Tanga au Machakos amalize mwaka akiwa anasoma. Sivyo ilivyo. Tathmini za mpango wa Uwezo zilizofanywa Tanzania, Kenya na Uganda zimeonyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Tanzania ililiona tatizo hilo, na mwaka 2015 ikaanza kutumia mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliojikita katika KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu.

Mtaji huo hupotelea wapi? Kwanza, katika majina ya herufi. Mtoto anayefundishwa kwamba herufi b ni “be” na kisha kutakiwa kuiunganisha na a, kwa mantiki yake atapata “bea”. Kosa si lake. Amepewa jina mahali alipohitaji sauti. Pili, katika kuimba. Darasa zima likiitikia “ba, be, bi, bo, bu” huku fimbo ya mwalimu ikipita ubaoni, sikio hujifunza mfuatano na jicho likabaki bila kazi. Mwoneshe mtoto huyo “bo” peke yake, naye atalazimika kuanzia “ba” ili aifikie. Silabi ni njia nzuri ya kufundishia Kiswahili, kwa kuwa inaafiki umbo la lugha. Lakini silabi iliyokaririwa bila kufumuliwa kuwa sauti haimsaidii mtoto kusoma neno ambalo hajawahi kuliona.

Isitoshe, wepesi wenyewe una vizingiti vyake. Katie Alcock na Damaris Ngorosho, katika utafiti wao uliotoka pia mwaka 2003, walionyesha kuwa kujifunza tahajia ya lugha yenye maandishi ya utaratibu kama Kiswahili si jambo dogo. Ukitazama maandishi yetu kwa makini utaona sababu. Herufi mbili husimamia sauti moja katika ch, sh, ny, th, dh na gh. Alama ndogo tu hutenganisha ng ya “ngoma” na ng’ ya “ng’ombe”. M ya “mtu” ni silabi kamili, ilhali m ya “mboga” imeungana na b. Na maneno yetu ni marefu: “hawajatuandikia” ni neno moja lenye habari ya sentensi nzima. Mtoto anayelisoma kwa kukwamakwama hufika mwisho akiwa amesahau mwanzo. Ndiyo maana mazoezi ya kusoma kwa wepesi na ufasaha si pambo, na ndiyo maana hesabu ya maneno kwa dakika iliyotokana na Kiingereza haifai kumpima mtoto wa Kiswahili.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba kukazania sauti huzalisha kasuku wanaotamka wasichokielewa. Hofu hiyo ina msingi. Katika vyuo vya Kurani vya pwani, watoto hutamka maandishi ya Kiarabu kwa usahihi wa hali ya juu kabla hawajaijua lugha yenyewe. Lengo pale ni kisomo, nalo hufikiwa. Hilo lathibitisha kwamba kutamka na kuelewa ni stadi mbili. Philip Gough na William Tunmer walilieleza mwaka 1986: ufahamu wa kusoma ni zao la kutambua maneno mara uelewa wa lugha, na kimoja kikiwa sifuri, zao ni sifuri. Basi hadithi, mazungumzo na msamiati viende sambamba na sauti tangu siku ya kwanza. Lakini maana iliyofungwa ndani ya neno haimfikii asiyeweza kulisoma.

Wengine hukumbusha kwamba watoto wengi huanza shule wakizungumza Kisukuma, Kihehe au Kikamba, si Kiswahili. Hoja hii nzito haijibiwi kwa kuziacha sauti, bali kwa kuzipanga. Tuanze na sauti ambazo mtoto tayari anazo kinywani, nazo ni nyingi kwa kuwa lugha hizi ni ndugu, na th, dh na gh zingoje. Kabla ya herufi, pawe na muda wa kutosha wa kusikiliza na kuzungumza.

Hoja ya mwisho ni ya madarasa yaliyofurika na uhaba wa vitabu. Lakini Kenya, kupitia mpango wa Tusome ulioenezwa nchi nzima kuanzia mwaka 2015, ilimpa kila mtoto kitabu chake, ikampa mwalimu mwongozo wa masomo, na ikatuma maafisa kumtembelea na kumshauri darasani, usomaji ukapanda. Gharama ipo, lakini ni ndogo kuliko ile ya mtoto anayepitishwa miaka yote ya shule ya msingi bila kusoma. Naomba basi mambo matatu. Vyuo vya ualimu vifundishe fonolojia ya Kiswahili kama nyenzo ya darasa la kwanza, si mada ya mtihani. Mwalimu hodari kuliko wote shuleni akabidhiwe darasa la kwanza, badala ya kuwekwa katika darasa la mtihani. Na kila mtoto asikilizwe akisoma peke yake, walau mara moja kwa wiki, kwa sababu kwaya ya darasa huficha asiyejua, naye ndiye tuliyemjengea shule.