Kutengeneza Sauti ya Gramafoni Kuukuu

Leo twataka kusema nanyi habari za gramafoni kuukuu, ile itiwayo ufunguo kwa mkono, ambayo mtu huinunua kwa fedha kidogo, kisha akanung'unika kwamba waimbaji wake wana mafua. Wahenga walisema: Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno.

Hapa Kigwa, katika njia ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora, mzee mmoja jirani yetu alinunua chombo cha namna hiyo. Tulipokitazama tuliona ugonjwa wake si mmoja, bali ni minne.

Kwanza ni sindano. Santuri za zamani zilifanyizwa kwa utomvu wa wadudu wa Bara Hindi, uliochanganywa na unga wa mawe. Unga huo huisaga ncha ya sindano ya chuma hata ikaenea sawasawa katika mfereji. Lakini ikiisha kupiga upande mmoja, ncha imekwisha kuharibika. Ukiirudia, sindano ndiyo itakayoila santuri. Basi kila upande na utiwe sindano mpya. Wala usiiweke kamwe juu ya santuri za plastiki zilizokuja baadaye.

Pili ni mwendo. Santuri hizi nyingi hutaka mizunguko 78 kwa dakika. Tia kipande cha karatasi chini ya santuri, kichomoze ukingoni, uhesabu: kikipita mara 39 katika nusu dakika, mwendo ni sawa. Ikiwa wazidi kulegea, huenda mafuta ya kamani yameganda. Mpelekee fundi, usiifungue mwenyewe, maana kamani ikifyatuka hukata mkono.

Tatu ni kiwambo cha ulanga katika kisanduku cha sauti. Mpira unaokishika ukikauka, sauti hukwaruza. Tia mpira mpya ulio laini.

Nne ni vumbi, na hapa twakiri kosa letu. Tuliipangusa santuri moja ya yule mzee kwa spiriti, tukidhani twaisafisha. Kumbe utomvu ule huyeyuka katika spiriti! Ilikuwa santuri ya Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti yake katika santuri. Mzee hakutukaripia. Alisema tu, "Walimu, hiyo nilirithi kwa baba yangu." Tuliona haya kuliko kama angalitutukana.

Tangu siku ile twatumia kitambaa laini kikavu, na santuri twazisimamisha kivulini, maana jua huzipinda.

Gramafoni ikivunjika, nyingine yaweza kununuliwa. Sauti ya marehemu ikifutika katika santuri yako, utaipata wapi? Basi ndugu, jifunzeni kabla ya kugusa, nasi tulijifunza baada ya kuharibu.